Makosa ya makipa wa Man United: ni mikono yao, au ni viungo walionunuliwa na makocha waliopita?

Mgosi wa Makorora ameuliza:

Wagosi, salaam aleikum. Hapa Makorora, Tanga, ubishi haujapoa tangu André Onana apelekwe Trabzonspor kwa mkopo Septemba 2025 na Senne Lammens aje kutoka Royal Antwerp. Wapo wanaosema tatizo la Manchester United lilikuwa kipa, kipa kaondoka, kesi imefungwa. Wengine wanasema kipa alikuwa anabebeshwa dhambi za viungo, yaani wachezaji wa katikati: tangu Ferguson astaafu mwaka 2013 kila kocha kaja na viungo wake, na hakuna aliyeleta mtu wa kupokea mpira wa kipa timu ikiwa imebanwa.

Naomba wanaojua ukipa na wanaofuatilia usajili watusaidie. Makosa yapi ni ya kipa mwenyewe, na yapi yanaanzia mbele yake? Kati ya Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjaer, Ten Hag na Amorim, nani alipata kiungo sahihi? Na sisi wenye vitimu vya vijana, kipa wa miaka 15 au 16 aanze na lipi? Tafadhali tajeni mechi. "Onana mbovu" halafu mtu kakimbia, hiyo haitusaidii.

Kocha wa Makipa Chumbageni:

Mgosi, kwanza tenganisha makosa, maana kipa hafungwi kwa njia moja. Lipo kosa la mkono, lipo la mguu, na lipo la uamuzi: kutoka au kubaki, kusogea au kusimama. La mkono ni lake peke yake. Mpira ukishamfikia kipa mkononi, hata umweke Roy Keane, yule kiungo mkali wa zamani wa United, mbele yake hausaidiki.

Chukua Bayern, Munich, 20 Septemba 2023. Sané anapiga shuti la chini, lipo karibu kabisa na mwili wa Onana, linapita chini ya mkono. Mechi ikaisha 4-3. Shuti la namna ile linataka mkono wa chini uguse nyasi kwanza, kiganja kikitazama mpira, halafu kifua kije nyuma ya mkono kama mlango wa pili. Kipa akitanguliza nyonga au goti, unabaki uwazi kati ya kwapa na ardhi. Ndiyo maana mashuti ya karibu na mwili yanawafunga makipa warefu kuliko ya mbali: la mbali anajirusha bila kufikiri, la karibu anatakiwa akunjike haraka, na mwili mrefu unakunjika taratibu.

Istanbul, 29 Novemba 2023, United wanaongoza 3-1, wanatoka 3-3 na Galatasaray. Ziyech kafunga mipira miwili ya adhabu. Kwenye wa kwanza Onana alinaswa uzito ukiwa umeshaegemea upande mwingine. Upande aliouacha ndio wake! Ukuta unafunika mlingoti wa karibu, kipa analinda nusu iliyobaki. Akianza kuegemea upande wa ukuta kabla mguu haujagusa mpira, ameacha nusu yake wazi na ukuta umekuwa hauna kazi. Wa pili ulitoka pembeni, Onana akaupiga mwenyewe kuingia wavuni. Mikono ilikuwa haijaamua, kudaka au kupangua, na mpira unaozunguka kwa kasi hausubiri mtu aamue.

Lyon, 10 Aprili 2025, 2-2. Bao la Almada ni mpira wa adhabu uliopita katikati ya watu bila kuguswa na yeyote. Hapa vijana wengi wanakosea vilevile: kipa anasubiri mtu aguse. Kanuni ni kinyume chake. Jipange kwanza kwa mpira usioguswa, maana huo ndio unaokuja moja kwa moja golini; ukiguswa, utajibu kadiri utakavyoweza. Bao la pili, dakika za nyongeza, aliupangua mpira ukarudi mbele ya goli na Cherki akamalizia. Mpira wa kupangua unapelekwa nje ya mstari wa mlingoti, au juu. Kuurudisha katikati ni kumpa mtu pasi.

Na siyo Onana tu. Altay Bayindir, Arsenal, 17 Agosti 2025: kona ya Declan Rice inaelekea golini, Saliba amembana, mikono ikafika bila nguvu, Calafiori akamalizia kwa kichwa karibu na mstari. Desemba 2024 kule Tottenham alishafungwa na Son moja kwa moja kutoka kwenye kona. Kwenye kona kama hizo kosa huanza kabla mpira haujapigwa: kipa kasimama mno kwenye mstari, anashikwa, hana pa kupitia. Hapa kidogo namlaumu anayepanga ulinzi wa kona. Lazima kuwe na mtu wa kumfungulia kipa njia.

Ya miguu namwachia dada Raskazone.

Binti Raskazone:

Asante kaka. Kosa la mguu la kipa lina watu wawili siku zote: aliyetoa pasi na aliyetakiwa kuipokea. Kamera inamwonyesha wa kwanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Brentford, 13 Agosti 2022, 4-0. Bao la kwanza, Dasilva, ni mkono wa De Gea, kipa wa United wakati ule, na halina mjadala. La pili, De Gea anampa Eriksen pasi ukingoni mwa boksi, Jensen yuko mgongoni, anampora na kufunga. Tazameni mwili wa Eriksen wakati anapokea: uso wote unatazama goli lake, miguu yote miwili imeelekea kwa kipa. Mtu aliyesimama hivyo ana njia moja tu, kurudisha, na mkabaji anaijua. Eriksen amecheza miaka mingi mbele, akipokea mpira akiwa na nafasi. Kumfanya namba sita, yaani kiungo wa chini mbele ya mabeki, wa kupokea golikiki lilikuwa kosa la kocha, na De Gea naye alikosea kuipiga pasi ile wakati alikuwa anamwona Jensen anakuja.

Namba sita anayempokea kipa anafanya hivi. Kabla pasi haijatoka ametazama nyuma ya bega angalau mara mbili, mara ya mwisho mpira ukiwa njiani. Hasimami mgongoni mwa mshambuliaji anayekaba, kwa sababu hapo kipa hamwoni. Anajitoa hatua mbili tatu upande, kwenye pengo kati ya washambuliaji wawili. Anapokea ubavu ukiwa wazi, kwa mguu ulio mbali na mkabaji, ili mguso wa kwanza umtoe. Na kama hakuna nafasi, anampigia beki wa pembeni kwa mguso mmoja. Ukikosa hayo, kipa yeyote mzuri ataonekana mlevi.

Ziko pasi ambazo ni za kipa mwenyewe. Galatasaray, Old Trafford, 3 Oktoba 2023: Onana anampa Mertens mpira miguuni, Casemiro analazimika kumchezea faulo ndani ya boksi, kadi ya pili ya njano, nje. Icardi akakosa penalti, muda mfupi baadaye akafunga la ushindi, 3-2. Hapo kipa hakulazimishwa na mtu. Sevilla, 20 Aprili 2023, De Gea anampa Maguire mpira watu wakiwa wamemzunguka: huo ni uamuzi mbaya wa kipa ukafuatiwa na mguso mbaya wa beki.

Sheria nazo zimeongeza kazi. Tangu 2019 golikiki inaweza kupokelewa ndani ya boksi, hivyo wapinzani wanasogea kukaba palepale. Na tangu msimu wa 2025/26 kipa akishika mpira mkononi zaidi ya sekunde nane inatolewa kona, mwamuzi anahesabu tano za mwisho kwa vidole. Kipa hawezi tena kukumbatia mpira akisubiri viungo wajipange. Viungo ndio wawe tayari kabla yake.

Mfuatiliaji wa Usajili, Barabara ya 12:

Tuweke kipimo, la sivyo kila mtu atamtetea ampendaye. Kipimo changu ni Michael Carrick. Ferguson alimchukua Tottenham Julai 2006, ndiyo kwanza ametimiza miaka 25, akacheza hadi 2018. Namba sita anunuliwe akiwa na miaka mingi mbele yake, mabeki wamzoee, kipa amjue hata kwa kumsikia. Sasa wapimeni waliofuata.

Moyes alimleta Fellaini Septemba 2013 mwishoni mwa dirisha kwa pauni milioni 27.5. Hodari wa mipira ya juu na fujo za ndani ya boksi. Kumpa mpira chini akiwa ameligeuzia mgongo goli la mpinzani ni kumwonea. Januari akamleta Mata, mchezaji mzuri sana, lakini namba kumi, kiungo wa mbele nyuma ya mshambuliaji.

Van Gaal aliwapata Herrera na Blind 2014, halafu Julai 2015 Schneiderlin na Schweinsteiger kwa mpigo. Schweinsteiger alikuwa anakaribia miaka 31. Schneiderlin alikuwa na 25, umri uleule wa Carrick. Na huyo ndiye aliyetupwa: Mourinho alipoingia 2016 hakumtaka, Januari 2017 akauzwa Everton. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko bei yoyote iliyolipwa. Kocha mpya anamwondoa kiungo wa kocha aliyepita kabla hajaiva, kisha anaanza upya na mzee.

Mourinho: Pogba, Agosti 2016, pauni milioni 89, rekodi ya dunia wakati ule. Juventus alikuwa wa pembeni kwenye viungo watatu, nyuma yake yuko Pirlo anayeanzisha mchezo. United mara nyingi akawekwa kwenye viungo wawili. Umemnunua mtu kwa kazi moja ukampa nyingine. Matic, Julai 2017, pauni milioni 40, nasema ndiye sahihi kuliko wote: alijua kusimama, alipokea mpira mgongo ukiwa kwa mpinzani bila hofu. Msimu huo United wa pili kwa pointi 81, De Gea akachukua glavu ya dhahabu kwa mechi 18 bila kuruhusu bao. Lakini alitimiza miaka 29 siku ya kwanza ya Agosti. Ulikuwa usajili wa muda mfupi. Fred akaja 2018, mkimbiaji, siyo mpokeaji.

Solskjaer: Bruno Fernandes, Januari 2020, aliibadilisha timu nzima. Kisha Septemba akamleta Van de Beek kwa takribani pauni milioni 35, naye acheze palepale pa Bruno! Watu wawili kiti kimoja, huku kiti cha namba sita kikiwa na Matic wa miaka 32.

Ten Hag ndiye mwenye deni kubwa kwenye swali lako, Mgosi. Mwaka 2022 alimtaka Frenkie de Jong, akamkosa, akapewa Casemiro wa miaka 30 kwa pauni milioni 60 na nyongeza. Casemiro ni fundi wa kunusa hatari na kunyang'anya. De Jong ni fundi wa kupokea na kubeba mpira. Hawa wawili hawabadilishani. Halafu dirisha kubwa la 2023 akamwacha De Gea aondoke, akamleta Onana kutoka Inter kwa sababu ya miguu. Sawa. Pasi za Onana zimfikie nani? Pesa za viungo zikaenda kwa Mason Mount, pauni milioni 55 na nyongeza, mtu wa mbele, na namba sita akaja Amrabat wa mkopo siku ya mwisho. Yaani alinunua kipa wa kuanzisha mchezo bila kununua wa kuupokea. Ligi ya Mabingwa msimu ule waliruhusu mabao 15 katika mechi sita za kundi wakamaliza wa mwisho.

Ugarte, Agosti 2024, miaka 23: umri sahihi hatimaye, lakini sifa yake ni kukaba. Miezi miwili baadaye Ten Hag kafukuzwa, Amorim akaja na mfumo wa 3-4-2-1 wenye viungo wawili tu katikati.

Kimanumanu:

Wakuu, mmeandika vizuri ila hoja ya viungo mmeizidisha. Dirisha kubwa la 2025 United walinunua Cunha, Mbeumo na Šeško, wote wa mbele. Kiungo hata mmoja hawakununua. Katikati wakabaki Casemiro na Bruno, walewale. Kilichobadilika ni kipa. Lammens akaanza na Sunderland 4 Oktoba, 2-0, wakashinda Anfield 2-1, wakaipiga Brighton 4-2. Ushindi tatu mfululizo, viungo walewale. Sasa huyo De Jong alihitajika wapi?

Na hapo kabla, Agosti 27, Grimsby wa daraja la nne wamewatoa kwa penalti 12-11. Bao la pili la Grimsby, Onana katokea mpira wa juu akaukosa. Kiungo gani angemdakia?

Kocha wa Makipa Chumbageni:

Kimanumanu, kwa mikono nakupa haki yako yote, na nilishasema hivyo. Lammens faida yake kubwa ni ile isiyovutia kutazama: mipira ya juu anaitokea mapema, anadaka vya kudaka, vya kupangua anavipeleka pembeni. Mabeki wakijua kipa atatoka, wanakaba watu wao badala ya kutazama mpira.

Lakini angalia miguu yake. Akibanwa anapiga mrefu kwa Šeško, viungo wanapigania mpira wa pili. Tatizo la kupokea halikutibiwa, limerukwa. Ni uamuzi halali kabisa, na kwa timu isiyo na namba sita ndio uamuzi sahihi. Nakumbusha kwamba baada ya Brentford, mechi iliyofuata dhidi ya Liverpool Agosti 22, 2022, Ten Hag mwenyewe aliachana na pasi fupi za kipa, wakashinda 2-1. Kwa hiyo wewe na Barabara ya 12 hamgongani. Yeye anasema kwa nini pasi fupi zilikuwa zinawaua, wewe unasema ukiziacha unaishi.

Hapo nampinga kidogo anayemtetea Onana kwa viungo peke yao. Mabao niliyoyataja juu, Sané, Ziyech, Almada, Cherki, hakuna hata moja lililotokana na pasi ya kipa.

Mgosi wa Makorora:

Nimewaelewa, na hapa kijiweni nitawasomea. Sasa swali la mwisho halijajibiwa: kijana wa miaka 15, uwanja wa mchanga, mipira sita. Aanze na nini?

Kocha wa Makipa Chumbageni:

Mikono kwanza, Mgosi. Kipa anayepiga pasi nzuri na kutema mashuti ni mzigo. Kwa wiki nne za mwanzo ningegawa muda hivi: robo tatu mikono na kusimama, robo miguu.

Kusimama: miguu upana wa mabega, uzito kwenye vidole vya miguu siyo visigino, mikono mbele ya mapaja. Mpigaji akiinua mguu, kipa awe ametulia tuli. Hili ndilo linalokosekana zaidi kwa vijana wetu, wanapigiwa shuti wakiwa bado wanarudi nyuma. Mwekee koni tatu mbele ya goli kwa umbali wa mita moja moja, apite kwa hatua fupi za pembeni, useme "simama", upige hapohapo kutoka mita 10. Mipira sita, apumzike dakika moja, mizunguko mitano. Ukimwona anadaka huku anayumba, ulisema "simama" na yeye hajasimama. Usihesabu hata kama kadaka.

Mashuti ya chini: aanze akiwa amepiga magoti, mpira wa kurusha kwa mkono, mita 4, kulia sita na kushoto sita. Halafu kuchuchumaa. Halafu kusimama. Usiruke hatua ya magoti kwa sababu kijana anaona ya kitoto. Hapo ndipo mkono unafundishwa kutangulia nyonga. Kwenye mchanga mvalishe suruali ndefu na soksi za mikono, la sivyo akichubuka kiwiko ataanza kuogopa kuanguka, na kipa anayeogopa kuanguka anaweka goti.

Kupangua: weka fimbo mbili, kila moja mita tatu nje ya mlingoti. Shuti lolote asilolidaka lazima lipite nje ya fimbo. Likirudi katikati, mshambuliaji aliyesimama mita 6 anaruhusiwa kumalizia. Baada ya kufungwa mara chache atajifunza bila wewe kupiga kelele.

Kona: mtu mmoja amsukume kwa mto au begi lililojazwa nguo anaporuka, autokee mpira goti moja likiwa juu, aseme "Kipa!" kabla hajaruka. Akiufikia kwa mikono yote miwili juu ya kichwa bila kubanwa, adake. Akibanwa, ngumi mbili, ausukume ulikotoka.

Binti Raskazone:

Naongeza ya miguu, kwa ile robo. Kwenye mchanga pasi ya chini ya mita 15 inadunda mara tatu, usimfundishe kijana pasi za Onana. Pasi zake fupi ziwe za mita 8 hadi 10 kwa beki wa kati aliyefunguka pembeni, na zipigwe kwa nguvu kuliko unavyodhani. Chezeni watatu na kipa dhidi ya wakabaji wawili kwenye mraba wa mita 20, namba sita ndani. Sharti moja tu: kipa haruhusiwi kumpa namba sita mpaka amwone ametazama nyuma. Asipotazama, kipa apige mrefu. Hilo linawafundisha wote wawili, kipa kuamua na kiungo kujiandaa.

Na kwa viwanja vya karibu na bahari, kusi likivuma jioni msichezee upande mmoja tu mazoezini. Mpira mrefu unaopigwa dhidi ya upepo unasimama hewani na kurudi, na kona inayokuja na upepo inaingia ndani zaidi ya anavyotarajia kipa. Kipindi ambacho upepo uko usoni, asogee hatua moja nyuma kwenye kona, na golikiki apige chini pembeni badala ya katikati juu.